Mtoto aliyepita Dawati la Jinsia aulizwe alihudumiwaje?

Mleta mada
Wadau, tujadili hili bila jazba. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kwa mtoto aliyefanyiwa ukatili tuna Madawati ya Jinsia na Watoto polisi, vituo vya mkono kwa mkono hospitalini (huduma zote sehemu moja), na namba 116 ya kupiga bure kuomba msaada. Nani humrudia mtoto aliyehudumiwa akamuuliza ilikuwaje? Ripoti zinahesabu kesi zilizopokelewa. Mtoto aliyesimulia kisa kilekile kwa mjumbe, askari, daktari na afisa ustawi, mwisho akachoka akanyamaza, yeye yumo wapi? Nasema aulizwe, na majibu yake yaingie kwenye tathmini ya kituo.

Mama Watatu
Napinga. Kidonda hakijakauka, unakitonesha? Halafu watoto wetu tumewalea kuitikia wakubwa. Ukimuuliza mbele ya afande kama amehudumiwa vizuri, atasema vizuri. Mtapata asilimia 100 mpongezane.

Mwalimu wa zamu
Mama ana hoja. Shuleni kwetu sanduku la maoni lilitundikwa nje ya ofisi ya walimu, kila anayetumbukiza karatasi anaonekana. Ufunguo alikaa nao mwalimu wa nidhamu, na sisi tunaosahihisha madaftari mwandiko tunaujua. Mtoto mmoja aliandika kuhusu viboko, kesho yake akaitwa. Toka hapo tukawa tunaokota maganda ya pipi tu humo.

Mleta mada
Hilo la sanduku nalikubali, halifai. Ila wasiojibu ni wale walioulizwa vibaya. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 maswali mazito kuliko haya, na karibu wasichana 3 kati ya 10 walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Walisema.

Na Mama, simaanishi arudie alichofanyiwa. Ulisubiri wapi? Mlango ulifungwa mlipoongea? Nani mwingine alikuwemo? Uliambiwa kitakachofuata? Mdogo wa miaka sita achore chumba. Anayeuliza asiwe mtu wa kituo hicho.

Mama Watatu
Usije tu ukamuuliza kwa simu. Simu ya nyumbani ni ya baba, na pengine mtuhumiwa ni baba huyohuyo.

Ustawi Kata
Mimi ndiye huyo afisa. Kata nzima niko peke yangu, nauli ya kumfuata mtoto natoa mfukoni. Kwamba chumba hakina mlango nalijua bila kuambiwa na mtoto. Mkimuuliza, akasema, mwaka ukapita mlango haujawekwa, mmemfundisha nini? Anzeni na bajeti.

Mleta mada
Kaka, wewe ukisema unaambiwa unalalamika. Watoto ishirini wakisema jambo lilelile, bajeti itatetewa. Tunazo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi yao, zisome hayo kila robo mwaka na zijibu kwa maandishi.

Mwalimu wa zamu
Kamati ya kata hapana. Kwetu shemeji wa mtuhumiwa ni mjumbe wa kamati hiyo.

Mleta mada
Basi isome ya halmashauri, bila jina la mtoto wala la kijiji, kata ipelekewe orodha ya marekebisho tu. Mwenye hoja dhidi ya hapo alete.