Mzigo wa Kariakoo upande treni ya Pugu, inawezekana?

MamaVyombo: Habari zenu wakuu. Nina duka la vyombo vya plastiki Gongo la Mboto, Dar. Kila Jumanne nafunga mzigo Kariakoo: mabeseni, ndoo, madumu. Natoa kwa guta, napandisha kwenye kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), tukikwama Buguruni mchana wote umeisha. Na reli ya treni ya abiria ya kwenda Pugu iko palepale! Jioni siwezi kupanda na robota, nitaumiza abiria. Lakini saa sita mchana, behewa moja tu la mizigo likapakiwa kituo cha Kamata? Kuna mji umewahi kufanya hivyo?

Mzalendo_Ughaibuni: Upo, dada. Nilisoma Dresden, Ujerumani. Kuanzia 2001 tramu (treni ya mitaani) ya bluu ya mizigo, karibu mita 60, ilikatiza mjini na vipuri vya kiwanda cha Volkswagen, hadi tani 60 safari moja. Iliacha 2020. Ila angalia: mteja alikuwa mmoja, na reli iliingia ghalani na kiwandani. Ndoo zako zitashuka guta, zipande treni, zishuke, zipande bajaji. Kila kituo utalipa wapakiaji. Hapo ndipo faida inapoliwa.

FundiNjia: Kweli, kupakia ndiko kugumu kuliko kuvuta. Ila dada usikate tamaa. Mumbai, India, wale dabbawala husafirisha makopo ya chakula cha mchana kwa treni hizihizi za abiria, na treni husimama kituoni kama nusu dakika tu. Wanaweza kwa sababu makopo yamepangwa kwenye trei ambayo mtu anaibeba kichwani, na kila kopo lina alama yake ya rangi. Zurich, Uswisi, nako mwaka 2003 walianzisha tramu ya kupokea takataka kubwa kubwa. Iliegeshwa njia ya pembeni, za abiria zikapita. Nimefanya kazi ya njia ya reli miaka mingi, nakuambia: behewa likipakiwa kwenye njia kuu, ratiba nzima imekufa.

MamaVyombo: Asanteni sana, nimeelewa. Kumbe nianze na mzigo wenyewe. Kesho nawapitia wenye maduka watano wa mtaani kwangu, tuhesabu robota zetu za wiki na tukubaliane viroba vya saizi moja, kila duka na rangi yake. Bajaji ya kutoka stesheni tutachangia. FundiNjia, pale Kamata njia ya pembeni ipo?