Kuchora sekisheni za ukuta: AutoCAD LT, ArchiCAD au Revit?

Kalamu_ya_Risasi:
Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii nalipia programu halali ya kuchorea majengo, nimechoka na za magumashi. Kazi yangu kubwa ni sekisheni za ukuta, yaani michoro ya ukuta kama umekatwa uonekane ndani, kuanzia msingi mpaka kenchi, skeli 1:20. Nimebakiza tatu: AutoCAD LT, ArchiCAD na Revit. Nichukue ipi?

FundiRula:
Mkuu, umeuliza nusu. Unatumia kompyuta gani? Unachora nyumba nzima au unaletewa pleni na wengine umalizie? Mfukoni kukoje? Usipojibu hayo kila mtu atakutajia anayoitumia yeye.

Mkanda_wa_Juu:
Maswali ya nini? Sekisheni ya ukuta ni mistari. AutoCAD LT inatosha na chenji inabaki. Haina 3D, lakini ukuta uliokatwa unataka 3D ya nini? Tengeneza bloku zako, vile vichoro vya kutumia tena, mara moja: linta (boriti ya juu ya mlango), mkanda, papi, fishabodi. Kazi ijayo unaburuta tu. Unene wa mistari upange kwenye leya, yaani makundi ya mistari, kwa milimita: zege na tofali zilizokatwa 0.5, lipu 0.25, hachi (vistari vya kujazia) 0.13. Ikitoka kwenye printa hata mwashi anaisoma bila kuuliza.

DadaTabaka:
Na mteja akihama kutoka tofali la inchi 6 kwenda inchi 5, unafuta sekisheni zote? Kwenye ArchiCAD ukuta mmoja una tabaka zake: lipu, tofali, lipu. Unabadilisha mahali pamoja, zote zinafuata. Tena kila malighafi ina cheo chake: mkanda wa zege ukikutana na ukuta, zege linapita, tofali na lipu vinasimama, bila kukatakata mistari. Revit nayo nzuri, ila faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya, mwenye toleo la zamani halifungui ng'o.

Sikio_la_Saiti:
Ngojeni niwaambie sisi tunaopokea hizo karatasi. Kuna ofisi moja ilituletea michoro ya nyumba ya chini. Sekisheni ilikatwa moja kwa moja kutoka kwenye modeli ya 3D, ikakuzwa mpaka 1:20. Inang'aa, ina vivuli, hata mti wa bustani upo. DPC, ile nailoni ya kuzuia unyevu usipande ukutani, haipo. Kwenye modeli hakuna aliyehangaika na kinailoni chembamba namna ile, kwa hiyo juu ya msingi ni tofali moja kwa moja. Mwashi akauliza, "Hapa hapawekwi nailoni?" Msimamizi akamjibu fuata mchoro.

Masika ya kwanza tu, unyevu ukapanda. Rangi ya chini ikavimba kama chapati, ukigusa kwa kidole lipu inamwagika, na juu yake kuna chumvi nyeupe. Tukabandua lipu yote mpaka usawa wa kiuno. Mwenye nyumba anatudai sisi, ofisi inasema "kila fundi anajua DPC inawekwa". Kama kila fundi anajua, mchoro wa nini sasa? Hela ile mpaka leo hatujalipwa.

Mkanda_wa_Juu:
Umeona? Ukichora mstari kwa mstari huwezi kuisahau DPC.

DadaTabaka:
Unaweza vizuri tu. Nimeshaona ya AutoCAD ambayo leya ya DPC ilizimwa wakati wa kuprinti. Kukata modeli ni mwanzo wa kazi. Unaongeza DPC, nondo, misumari ya papi na maelezo kwa mkono, iwe ArchiCAD au Revit. Wavivu wanaishia kwenye kukata.

PwaniMoja:
Salaam kutoka Mombasa. Sikio, mchanga wa ile lipu ulitoka wapi? Huku chumvi mara nyingine haitoki chini, inakuja na mchanga wa ufuoni. Utaweka DPC na rangi itabanduka vilevile.

Sikio_la_Saiti:
Ulikuwa wa mtoni, bwana. Usiwatetee wachoraji.

FundiRula:
Kabla hamjapigania programu, nani kati yenu anahesabu kozi, zile safu za tofali? Tofali la milimita 230 kwenda juu pamoja na kiungo cha 10 ni 240. Linta mnaiandika 2100 halafu mnaondoka. 2100 gawanya kwa 240 ni kozi 8 na robo tatu, fundi anaanza kukata tofali.

Mkanda_wa_Juu:
Fremu za mlango sokoni ni 2100, mkuu. Unataka tuandike 2160?

FundiRula:
Pima kutoka juu ya jamvi, lile zege la chini ya sakafu. Kozi 9 ni 2160. Toa 60 ya sakafu na tailizi, unabaki na 2100 kamili. Ila lazima sekisheni ionyeshe jamvi na sakafu kama vitu viwili, kila kimoja na usawa wake. Wengi wanachora mstari mmoja.

Kalamu_ya_Risasi:
Nawasoma wakuu. Nilisahau kusema, natumia MacBook ya M1. Na ofisi zinazonipa kazi zinataka DWG, faili za aina ya AutoCAD.

FundiRula:
Haya ndiyo niliyouliza tangu asubuhi! Revit ifute, ni ya Windows tu. LT ya Mac ipo.

DadaTabaka:
Na ArchiCAD ilianzia kwenye kompyuta za Apple miaka ya 1980, hapo iko nyumbani. DWG inatoa, ila panga leya za kutolea kwanza, la sivyo ofisi watapokea fujo.

Mkanda_wa_Juu:
Fujo za nini wakati kuna LT?

PwaniMoja:
LT unalipia kila mwaka, Autodesk wanaoitengeneza waliacha kuuza leseni za kudumu 2016. Tazama BricsCAD, inafungua DWG na ya kudumu wanauza. Hiyo MacBook ina RAM ngapi?

Kalamu_ya_Risasi:
8. Kwani haitoshi?

Sikio_la_Saiti:
Wakati mnajibu la RAM, nailoni ya geji 1000 Kariakoo mnaipata duka gani? Niliyoletewa jana inapitisha mwanga kama mfuko wa maandazi.