Kikundi cha Ukoo: Bupe na udongo wake

*Bupe:* Shikamooni wakubwa. Chungu changu kingine hicho pichani. Nimekifinyanga kwa vidole tu, bila gurudumu la kufinyangia.

*Mama Mdogo:* Marahaba mwanangu. Mdomo umekaa sawasawa! Na hizo zamu za usiku, muda unaupata wapi?

*Bupe:* Nikitoka zamu usingizi hauji, mamdogo, kichwa kinakuwa bado kiko wodini. Nakaa uani na bonge la udongo, nakanda mpaka ulainike, nabonyeza dole gumba katikati halafu nazungusha taratibu. Mikono ina tope, simu siishiki. Ukuta ukianza kuwa mwembamba upande mmoja vidole vinajua kabla ya macho, basi akili yote inahamia hapo. Baadaye ndiyo nasikia njaa, nakula, nalala fofofo.

*Lusekelo:* Hongera dada. Udongo unatoa wapi huko Dar?

*Bupe:* Kwa kina mama wanaofinyanga majiko ya mkaa huku mtaani, wananiuzia kwa ndoo. Shangazi, nataka kukichoma. Kwa macho kimeshakauka. Nikiweke kwenye jiko la mkaa leo?

*Shangazi Matema:* Usithubutu leo. Kiweke shavuni. Ukisikia ubaridi, bado kina maji ndani. Maji hayo yakikutana na moto wa ghafla yanakuwa mvuke, yanakosa pa kutokea, chungu kinapasuka kwa kishindo. Wengi husema ni hewa iliyobaki kwenye udongo, lakini mkosaji hasa ni maji. Kiache kivulini, mdomoni ukifunike kitambaa, maana mdomo ndio hutangulia kukauka ukafanya nyufa. Siku ya kuchoma kiote moto kwanza kwa mbali, ukisogeze kidogo kidogo. Na hilo jiko halifai, moto unapiga upande mmoja. Chimba kashimo, panga kuni na nyasi kavu, ukifunike chote.

*Mjomba:* Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, huchoma hivyo hivyo, peupe, bila tanuri. Na vyungu vyao vinafika mbali.

*Lusekelo:* Mfinyanzi Magdalene Odundo naye hatumii gurudumu. Ni mzaliwa wa Nairobi, 1950, na kazi zake ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Anajenga kwa mkono, anasugua mpaka king'ae, hapaki glezi, ule utando unaong'aa kama kioo. Hata wekundu na weusi wake unatoka kwenye moto: ukipata hewa ya kutosha kinatoka chekundu, ukinyimwa hewa kinakuwa cheusi.

*Bupe:* Kumbe! Shangazi, na mimi naweza kukipata cheusi?

*Shangazi Matema:* Unaweza. Kikiwa bado chekundu kwa moto, kifukie kwenye pumba za mpunga, Kyela tunazo tele. Ila kusugua kunafanywa mapema, udongo umekaza lakini ukucha bado unaingia. Mama yetu alikuwa na kijiwe cha ziwani, kimelainika hadi kinateleza mkononi, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Hicho chako kimeshapita hatua hiyo, sugua kinachofuata.

*Mama Mdogo:* Mimi nataka cha maharage jamani.

*Shangazi Matema:* Kikitoka motoni, kwanza chemsha uji ndani yake, wanga uzibe vitundu. Mtungi wa maji ndio usiuzibe. Yale maji yanayotoka kama jasho kwa nje yakikauka ndiyo yanayopoza ya ndani.

*Mjomba:* Jumamosi ni siku ya mnada Lyulilo, jirani na Matema, nitakuwepo. Bupe, nikutafutie udongo wenyewe wa huku niutume kwa basi?

*Bupe:* Nitashukuru sana mjomba!

*Shangazi Matema:* Ufunge kwenye nailoni. Ukikauka njiani si neno, ataloweka. Na Bupe, usisahau kusaga vigae vya vyungu vilivyovunjika uchanganye humo, vinazuia nyufa.

*Lusekelo:* Mjomba, na mimi niongezee wa kwangu. Ila shangazi, kwetu si kazi ya kina mama hii?

*Shangazi Matema:* Njoo likizo nikufundishe. Kukanda kunataka mikono yenye nguvu kama yako.

*Lusekelo:* Basi Desemba nipo Matema.