Kipandauso kinachokuja na kizunguzungu: tupeane uzoefu

Wapendwa, nianze mimi. Miaka mitatu nimetibiwa presha ya kushuka, mara upungufu wa damu, na kila nikipimwa niko sawa. Huku chumba kinazunguka, nikitembea sakafu inabonyea kama godoro. Kichwa hakiumi, kwa hiyo hata mimi niliyeugua kipandauso tangu sekondari sikukifikiria. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyeniuliza, "Kikikushika hudumu muda gani?" Sikuwa na jibu. Akaniagiza niandike: kimeanza saa ngapi, kimeisha saa ngapi, nililalaje, mwanga na kelele vilinikera au la. Kumbe wanaangalia hayo: mashambulio yasiyopungua 5, ya dakika 5 hadi saa 72, na walau nusu yake yawe na dalili za kipandauso, hata bila maumivu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayokionyesha. Ninyi ilikuwaje?

— Pole dada. Changu huja siku mbili kabla ya hedhi, na nilichelewa sana kuligundua hilo. Utotoni nilitapika kila safari ya gari. Daktari aliposikia akasema wagonjwa wake wengi humwambia hivyo hivyo.

— Mimi nilidhani ninacho, kumbe sina. Kilidumu sekunde tu, nikigeuka kitandani au nikitazama juu. Ni vijiwe vya sikio la ndani vilivyohama. Mtaalamu alinilaza, akanigeuza kichwa hatua kwa hatua, kikaisha. Kweli hesabuni muda!

— Mimi dawa za maumivu ziliniponza. Nilimeza karibu kila siku, na ukifikisha siku 15 kwa mwezi zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Sasa natumia propranolol, dawa ya kuzuia kipandauso kisije (mwenye pumu amwambie daktari kwanza), pamoja na mazoezi ya macho na shingo. Wiki za mwanzo mazoezi yalinizidishia kizunguzungu, nikalia, nikataka kuacha. Sasa navuka barabara peke yangu. Kupita katikati ya rafu ndefu za dukani bado kunanishinda.

— Mwanzisha mada tena. Asanteni mno. Ila kizunguzungu cha ghafla chenye mdomo kupinda, ulimi mzito, mkono kulegea au kuona viwili viwili, usikiandike daftarini. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo, huenda ni kiharusi. Na wewe wa mazoezi, ulianza kuona nafuu baada ya muda gani? Mimi naanza Jumatatu.