"Iko tayari kuruka" yenu hii itatumalizia ndege!

Wakuu, niacheni nitapike nyongo hapa, maana nyumbani hakuna wa kunielewa.

Nilinunua ndege ya rimoti iliyokwisha kutumika, kutoka kwa mtu wa fani hii hii. Ya povu jeupe, bawa limenyooka, upana wake kutoka mbele kwenda nyuma sentimita 20. Akaniambia, "Mkuu, iko tayari kuruka, wewe chaji betri tu." Chini ya bawa kaweka na alama mbili za kalamu nyekundu: inyanyue hapa kwa vidole, ikitulia sawa, rusha. Nikainyanyua, ikatulia. Nikarusha. Ikainua pua kama farasi aliyeumwa na nyigu, ikapanda mita 10 hivi, ikaishiwa mwendo, ikalala ubavu na kujichomeka ardhini. Sekunde nne!

Nampigia simu, ananijibu, "Upepo huo, mkuu." Upepo gani, na nyasi zimesimama kama zimepigwa picha?

Usiku nikaweka mzoga mezani nikaanza kuupasua. Cha kwanza, rula kwenye zile alama: sentimita 8 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Nane kwa ishirini, hiyo ni asilimia 40! Ndege ya kawaida yenye bawa lililonyooka, uzito unatakiwa ukae kuanzia robo ya upana, yaani sentimita 5, hadi theluthi, sita na nusu hivi. Jamaa hakupima chochote. Alitafuta mahali ndege yake inapotulia, akachora hapo hapo. Ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani kwa majibu yake mwenyewe.

Sasa mbona uzito umekimbilia nyuma? Nikabandua utepe wa mkiani, nikacheka kwa uchungu. Mkia ulishawahi kuvunjika, akaupaka supa glu ya kawaida. Supa glu na povu jeupe, wakuu! Ile gundi inalila povu kama asidi. Likabaki shimo, akalijaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya, mpaka likafurika, kisha akafunika kwa utepe tusione. Nimelikwangua lile dongo na kulipima: gramu 18. Mkia uko mbali na bawa kuliko pua ilivyo, kwa hiyo gramu hizo zinaweza kudai mara mbili au tatu yake mbele ili ndege isawazike. Yeye hakuongeza hata moja.

Povu likivunjika, tafuta gundi isiyolila, au epoksi kidogo iliyosambazwa nyembamba, inayozidi uifute kabla haijakauka. Ukitaka nguvu, chana mfereji mwembamba ulaze kijiti cha mwanzi kinachovuka mpasuko. Kijiti ndicho kibebe mzigo, si donge la gundi. Na pima ndege kabla na baada ya fundi wako kuigusa, hata kama fundi ni wewe.

Hayajaisha. Mkono wa sevo (kimota kidogo) inayosukuma eleveta, kile kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua, hauna skrubu, umeshikwa na meno ya plastiki tu. Bawaba moja ya eleveta niliivuta kwa vidole viwili ikatoka kavu, haijawahi kuona gundi. Kuvuta bawaba ni kazi ya dakika moja! Betri imefungwa kwa velkro peke yake bila mkanda, kwa hiyo ndege ikiinua pua, betri nayo ina ruhusa ya kuteleza nyuma.

Mwisho nikatoa propela (na wewe itoe kila unapojaribu mota mezani, vidole havioti tena), nikawasha kila kitu, nikaongeza mota kidogo kisha nikazima rimoti. Mota ikaendelea kuzunguka kama hakuna kilichotokea! Risiva, kile kifaa ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, ilipangwa ishikilie amri ya mwisho badala ya kuzima mota mawasiliano yakikatika. Hiyo siyo ndege tena, ni panga linalopaa bila mwenyewe.

Kosa langu nalibeba: rula ninayo, niliitumia baada ya mazishi.

Na wewe uliyeniuzia, najua umo humu na unasoma. Hela sidai. Njoo useme tu mbele ya wakuu kama zile alama nyekundu ulizipima au ulizikisia.