Mama anaenda Maskati miezi mitatu, dawa za presha na sukari abebe zote au anunue huko huko?

MwanaNgamiani
Asalaam aleikum wana jamvi. Niko Tanga hapa Ngamiani, mama angu ana miaka 64 anaenda Maskati, Oman, mwezi ujao kwa dada angu alieolewa huko, anakaribia kujifungua, kwahiyo bi mkubwa atakaa miezi mitatu hivi. Ana presha na sukari, vidonge tu, sindano hajaanza.

Kinachonifanya niulize ni safari ya mwaka juzi. Alibeba dawa za mwezi mmoja, safari ya kurudi ikasogezwa, dawa zikaisha. Akaenda famasi akaambiwa boksi riali nne na kitu, yeye kusikia nne akaona si hela akatoa, jioni dada anampigia hesabu kwamba riali moja ni dola 2.6, mama alishtuka. Toka siku ile hakununua tena na hakumwambia mtu. Alivyorudi nafungua mkoba wake nakuta kikopo cha mafuta ya mgando kimeoshwa, ndani vidonge vimekatwa nusu kwa kisu, vingine vishakuwa unga. Namuuliza mama nini hiki, ananambia "mwanangu, mkwe anilaze anilishe halafu nimuombe na hela ya dawa?" Nililia jamani. Presha alirudi nayo 180 kwa 110.

Sasa safari hii abebe zote? Uwanja wa ndege hawatamsumbua? Na maisha ya kule yakoje kwa mtu wa kawaida?

BintiMatrah
Waaleikum salaam. Pole sana na mpe pole mama. Mi niko Maskati mwaka wa sita, abebe zote. Kula si shida kabisa, mchele, samaki, ndizi vyote vipo na Kiswahili atakisikia mpaka sokoni, ila hela ya huku inadanganya macho. Riali ina baisa 1000, kwahiyo akiambiwa mia tano ni nusu riali, zaidi ya dola moja hiyo, mtu anatoa vijinoti viwili vitatu anaona hajatumia kitu kumbe mfuko ushatoboka.

Kingine, mgeni huku mara nyingi anatibiwa hospitali za binafsi, unalipa kumuona daktari kabla hata hujagusa dawa. Bima ya safari mkikata isomeni vizuri maana nyingi hazilipii ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla ya safari, na presha na sukari ndo zinaingia hapo hapo.

Ikitokea lazima anunue basi asitaje jina la boksi, ataje jina la dawa yenyewe. Mfano dawa ya presha amlodipini, Norvasc ni jina la boksi la kampuni moja tu. Ukisema Norvasc unapewa Norvasc kwa bei yake, sema amlodipini na uulize ya kampuni nyingine yenye bei nafuu, dawa ni ile ile.

Famasi_Chumbageni
Nipo duka la dawa kila siku na hii ya kukata vidonge naiona sana, inaniuma. Nusu dozi ya presha haimkingi na kiharusi. Na metformini, ile dawa ya sukari, angalia boksi, kama ni zile zinazoachia dawa polepole hazikatwi wala hazitafunwi, ukikata dawa inamwagika tumboni kwa mkupuo.

Hesabu ya siku 90 weka na wiki mbili za ziada. Kama anameza metformini asubuhi na jioni hapo ni vidonge 208, muanze kukusanya sasa. Ziwe kwenye maboksi yake, SIO kikopo, na cheti cha daktari kwa Kiingereza chenye jina la mama kama lilivyo kwenye pasi, jina la dawa na dozi. Vyote begi la mkononi, begi kubwa likipotea asibaki mikono mitupu. Saa za kumeza zisimsumbue, Maskati wametutangulia saa moja tu.

Na tafadhali asibebe dawa za watu. Nchi za Ghuba ni wakali mno kwenye tramado, ile dawa kali ya maumivu, na dawa za kikohozi zenye kodeini, zote ni jamii ya dawa za kulevya, jirani anakupa kichupa "mpelekee mwanangu" unajikuta unahojiwa wewe.

Babu_Pongwe
Mwanangu, mimi nilimpeleka mke wangu India matibabu, yeye ni wa insulini. Ile haiwekwi begi la chini ya ndege, ikiganda imeharibika. Kule nilielekezwa maduka ya mpango wa serikali yao yanaitwa Jan Aushadhi, dawa bei ya chini sana, lakini mpaka nimeyajua nilishalipa hela nyingi famasi ya karibu na tulipopanga.

Ila lako mimi naliona si bei. Mama yako ana haya na mkwe, na haya hiyo humtoi. Mbadilishie riali hata thelathini, mpe mkononi mwake mwenyewe, usimpe dada wala shemeji, mwambie hii ya dawa tu. Na umpigie ukimuuliza amebakisha vidonge vingapi, usimuulize kama ni mzima, atakwambia mzima.

MwanaNgamiani
Shikamoo babu, asante sana. Asanteni wote. Jumatatu tunaenda kliniki kuomba cheti, riali naanza kutafuta wiki hii. Dada nimemwambia yote leo, alikuwa hajui habari za kile kikopo, kalia kwenye simu. Mama kasikia nimesema, kaninunia, lakini kikopo kanipa.