Dodoso linasema chuoni kwetu hakuna migawanyiko, mimi naiona kila jioni. Nimekosea wapi?

BintiWaMpwapwa

Mbukwenyi wanajamvi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Niko mwaka wa tatu, chuo kimojawapo hapa Dodoma mjini, na ni mjumbe wa kamati ya ustawi kwenye serikali ya wanafunzi. Mwezi uliopita tulikubaliana kikaoni tukusanye maoni ya wanafunzi kuhusu kero za chuo na mambo yanayotugawa, ili siku ya kuonana na uongozi tusiende na "wanafunzi wanasema" tupu. Kazi nikapewa mimi kwa kuwa nimesoma mbinu za utafiti. Niliipokea kwa moyo wote. Nikaandaa dodoso la maswali 22, nikachapisha nakala 200 kwa pesa ya kamati, na viongozi wa madarasa wakarusha lile la mtandaoni kwenye magrupu ya WhatsApp.

Majibu yamekuja. Swali la 9 lilikuwa hivi: "Je, kuna migawanyiko miongoni mwa wanafunzi wa chuo hiki kwa misingi ya dini, kabila, mkoa au kipato?" Karibu wote wameweka tiki kwenye Hapana. Swali la 10, "Kama ndiyo, eleza", ni mistari mitatu mitupu, karatasi baada ya karatasi. Mmoja ameandika "Sisi sote ni Watanzania" akapigia mstari.

Sasa njooni jioni. Saa kumi na moja na nusu, wanaokaa mitaani wanaanza kukusanya mabegi, kwa sababu daladala ya Nkuhungu ikikupita hapo utarudi na bodaboda, na si kila mtu ana pesa ya bodaboda. Wa bwenini ndiyo kwanza wanakwenda kuoga. Diskasheni za maana zinaanza saa tatu usiku kwenye vimbweta, chini ya taa. Kazi ya kikundi cha watu saba inafanywa na wanne, halafu asubuhi wanajadili majina ya wale watatu: yaandikwe, yasiandikwe? Nimemwona msichana akikatwa jina kwa kalamu mbele ya macho yake, naye ameshika sarafu ya mia tano, mchango wake wa kuchapisha kazi. Hakusema neno. Aliendelea kuishika ile sarafu mpaka kipindi kikaanza.

Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka ndiyo kabisa. Wenye mkopo wana elfu kumi yao ya kila siku kwa chakula na malazi, wanakaa upande wa chipsi kuku. Ambao Bodi ya Mikopo haikuwapa wanasubiri wali maharage au mchana hawaonekani kabisa. Waliopitia diploma, wengi wao watu wazima wenye watoto, wanakaa peke yao mistari ya mbele, tunawaita "wazee", na sijawahi kusikia mtu akiwauliza kama wanalipenda jina hilo.

Lakini linaloninyima usingizi ni swali la 4: "Unaishi wapi? (a) bwenini (b) nje ya chuo." Siku hiyo nilikaa kwenye kimbweta karibu na duka la fotokopi, fomu nimezikandamiza kwa jiwe maana upepo wetu mnaujua. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza akaja kujaza. La 1, la 2, la 3, alikwenda mbio. La 4 kalamu ikasimama. Akaweka tiki kwenye (a), akaikata, akaweka kwenye (b), akaikata nayo, akarudi (a), kisha akaniangalia. Karatasi ilikuwa imetoboka pale. Hapo nikaelewa kwamba amebebwa, analala kitanda kimoja na mwenzake aliyepangiwa chumba, na jina lake halimo kwenye orodha ya bweni. Mimi sikumwekea pa kuweka tiki.

Jana ofisi moja ya chuo ikaniita. Wanataka fomu zenyewe, majedwali hawayataki, eti wajue wanaolalamika ni akina nani wasaidiwe. Juu ya kila fomu niliandika: Majibu yako ni siri. Majina sikuyauliza, ila kuna dini, mkoa, kozi na mwaka wa masomo.

Naomba msaada wenu. Niulize vipi ili watu waseme? Na hizi fomu nizifanyeje? Wamenipa mpaka Ijumaa.

KaraniWaKishikwambi

Pole mdogo wangu, na hongera kwa kuliona hilo tundu kwenye karatasi. Wengi wangeingiza (a) kwenye kompyuta wakaendelea.

Mimi nilikuwa karani wa sensa ya 2022, nilihesabu vijiji vya wilaya ya Chamwino. Semina nzima tuliambiwa jambo moja mpaka likatukaa kichwani: usiulize "nani anaishi hapa?" Ukiuliza hivyo, mwenye nyumba anakutajia mwanawe aliyeko Dar mwaka wa pili huu, na anamwacha kijana wa kuchunga aliyelala jikoni. Tuliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23. Usiku mmoja, wenye tarehe. Aliyelala amelala, awe mgeni, awe msichana wa kazi, awe hana jina kwenye hati yoyote ya nyumba ile. Ndivyo walivyopatikana wale watu 61,741,120.

Ukimuuliza mwanafunzi anaishi wapi, anasikia unamuuliza ana kibali cha kuwa wapi. Muulize: "Usiku wa kuamkia leo ulilala wapi?" Kisha weka majibu: chumba nilichopangiwa, chumba cha mwenzangu, chumba cha kupanga mtaani, kwa ndugu, kwingine. Hilo la chumba cha mwenzangu liweke katikati ya mengine, lionekane ni jibu la kawaida kama yote. Ukilitupa mwisho kabisa mtu ataona umemtegea.

Swali la 9 lifute lote. Pale unamtaka mtu akiri kwamba yeye na rafiki zake ni wabaguzi, tena Dodoma hii, makao makuu, watoto wa mikoa yote! Hatakubali, na wala hajakudanganya, kwa sababu moyoni hajioni mbaguzi. Uliza vitendo vyenye siku. Jana mchana ulikula na nani? Mara ya mwisho ulipokosa kipindi, notisi ulizipata kwa nani? Kazi ya kikundi ya mwisho mlikutana saa ngapi, na wewe ulikuwepo? Migawanyiko utaisoma mwenyewe kwenye majibu hayo, bila kumlazimisha mtu aitaje.

Na usikae pale wanapojaza. Alikuangalia kwa sababu ulikuwepo.

MchumiKikuyu

Dada, tatizo lako ni sampuli ndogo, yaani umeuliza watu wachache. Kwa fomula ya Yamane ya kukadiria idadi ya watu wa kuhojiwa, chuo cha wanafunzi 4,000 kwa kosa la asilimia 5 kinahitaji watu 364. Ongeza fomu, ukweli utatoka.

MwalimuMstaafu

Hesabu ya mchumi ni sahihi, 4,000 ukigawa kwa 11 unapata 363 na ushei, ukikamilisha ni 364. Lakini, kijana wangu, fomula ile inadhani kila mwanafunzi ana nafasi sawa ya kufikiwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwaka 1936 huko Marekani jarida la Literary Digest lilituma kadi za maoni ya uchaguzi wa rais kwa watu milioni 10. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba mgombea Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Anwani walizitoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati uchumi umeanguka na maskini hana simu wala gari, na hata kwa waliotumiwa, wengi hawakujibu. Milioni mbili za watu wa aina moja hazikuwasaidia chochote. George Gallup, mtafiti wa kura za maoni, alihoji watu wachache mno kuliko hao, akampata mshindi.

Sasa tazama ulivyofanya wewe, binti. Magrupu ya WhatsApp yanamfikia mwenye bando. Kimbweta cha fotokopi kinampata aliyebaki chuoni jioni. Wale wa daladala ya Nkuhungu, ambao ndio habari yenyewe, umewapitisha pembeni mara mbili. Ukiongeza fomu kwa njia hiyohiyo utawapata haohao, wengi zaidi. Chukua orodha za mahudhurio za madarasa yote, ziunganishe, kisha chagua kila jina la 20 kuanzia namba utakayoichota kwenye kikaratasi. Kama mko 4,000 utapata 200, na pesa ya fomu 200 umeshaonyesha mnayo. Hao mia mbili uwatafute kwa miguu yako. Ni kazi ya kuchosha. Mimi nimeifanya miaka mingi na sijaona njia ya mkato.

Kuhusu fomu, usizitoe. Uliandika "ni siri", na mtu akakuamini kiasi cha kutoboa karatasi. Isitoshe, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na dini ya mtu ni katika mambo ambayo sheria hiyo inayawekea ulinzi wa juu zaidi. Usidhani kutoandika jina kunatosha. Mwislamu, kutoka Lindi, mwaka wa pili, kozi fulani: darasani kwao yumkini yuko mmoja tu, na mwenye orodha ya usajili atamjua kabla hajamaliza kusoma mstari. Wape majedwali. Nami nilikuwa siweki kwenye jedwali kundi lenye watu chini ya watano. Nililiunganisha na jirani yake. Nenda na wajumbe wawili wa kamati, usiende peke yako, na jibu lenu liwe la barua.

Safari ijayo, kila swali lipitishe kwenye mzani huu: nikishapata jibu nitalifanyia nini? Kabila na mkoa ungevifanyia nini wewe? Viondoe.

NilibebwaMiakaMiwili

Mwenye mada, yule dada wa swali la 4 ni mimi, chuo kingine, miaka kadhaa nyuma.

Nilikuwa naingia chumbani mlinzi akishapita, ndala nimezitia kwenye begi ili mlangoni pasionekane jozi ya ziada. Kuoga nilioga saa kumi alfajiri, kabla foleni ya ndoo haijaanza, maana kwenye foleni wanakujua nani wa chumba kipi. Waliwahi kuja watu na dodoso la huduma za bweni. Nikajaza kwamba nimepangiwa chumba na maji yanatosha. Niliogopa nikilalamika maji wataanza kuuliza namba ya chumba. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu maji hayakutosha hata kidogo, na waliokuja nyuma yangu waliyakosa vilevile.

Tafadhali sana dada, fomu zile usizitoe. Wakimpata aliyebebwa, anayeadhibiwa kwanza ni mwenye kitanda aliyembeba, na yeye kosa lake lote ni kumwonea mwenzake huruma.

BintiWaMpwapwa

Asanteni. Shikamoo Mwalimu. Dada uliyebebwa, nimesoma ujumbe wako kwa sauti mbele ya kamati nzima, na kaka yetu aliyekuwa anasema "tuwape tu hizo fomu tumalizane" alinyamaza, kisha akajitolea kunisindikiza.

Leo Alhamisi tumekwenda watatu ofisini na barua na majedwali. Hawakufurahi. Wamesema watatuandikia. Fomu zimefungiwa kabatini kwa kamati na ufunguo ninao mimi.

Dodoso sasa lina maswali saba. Dini, kabila na mkoa vimetoka. Nimeunda maboksi mawili ya katoni za maji kwa selotepu, nikatoboa midomo juu, moja liko fotokopi na jingine kwa mama ntilie wa pale daladala inaposimama. Jana nilijaribu kwa watu 15 tu nione kama maswali yanaeleweka. Sijayageuza kuwa asilimia, msiogope. Ila swali la kazi ya kikundi limejibiwa mpaka pembeni mwa karatasi. Watu wanaandika saa, wanaandika mahali, wanaandika "nilishapanda gari". Mmoja ameandika kwamba analipia mchango kila mara ila hajawahi kuiona kazi kabla haijakusanywa. Na kwenye "chumba cha mwenzangu" zimo tiki tatu, safi, hazijakatwa.

Nimeanza kuona kwamba kero tuliyokuwa tunaiita ya dini na mikoa, kwa sehemu kubwa, ni ya saa. Tunafikiria kuomba madarasa mawili yaachwe wazi kuanzia saa nane mchana kwa ajili ya vikundi, na walimu waagize vikundi vikutane kabla ya saa kumi na moja. Lakini nasubiri wale 200 kwanza.

Orodha za mahudhurio nimezipata, namba niliyoichota ni 13, naanza Jumatatu. Mwalimu, swali moja. Nikimtafuta niliyemchagua nikamkosa, namchukua anayefuata kwenye orodha?

MwalimuMstaafu

Marahaba, binti. Usimchukue anayefuata. Mrudie yeye, hata mara tatu, na umfuate asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Jioni utakuta ameshapanda daladala.